Kutembelea pwani ya Ziwa Kivu: anza na maji, mulima utafata

Kama unatoka Lubumbashi, Kisangani, Dar ama Nairobi na unataka kuja kutembea huku kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, usianze na mulima, anza na ziwa. Najua wageni wengi wanakuja juu ya gorila za pori ya Kahuzi na juu ya volkano ya Nyiragongo, wanapiga picha moja ya maji toka ku balkoni ya hoteli, wanapanda gari, wanarudi kwao bila kuzungumuza hata na mama mumoja mwenye anauzisha sambaza, samaki ndogo ya huku. Na huku karibu kila kitu kinatoka ku ziwa ama kinapita juu ya ziwa: chakula, bidhaa, habari, wageni wa ndoa, hata umeme wenyewe. Mutu mwenye amefata ziwa siku tatu ine, kuanzia Bukavu kusini, akapita kisiwa cha Idjwi, akatokea Goma kaskazini, anaelewa Kivu kuliko mwenye amekaa mwezi muzima ku Avenue Lumumba ya Bukavu. Naandika hapa ginsi ya kufanya hiyo safari, na mahali nitarefusha maneno ujue njo mahali panapostahili.

Mbele ya yote, usalama na njia ya kuingia

Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafata mwezi wa pili, na tangu pale mambo ya ndege, ya banki na ya makaratasi haiko tena vile ilikuwa. Kiwanja cha ndege cha Goma na kile cha Kavumu, cha Bukavu, usivipangie safari bila kuuliza mutu mwenye anaishi hapa, na umuulize wiki ile ile ya safari, si mwezi wa mbele. Kama hauna ndugu, rafiki ama mutu wa kanisa lako wa kukuambia ukweli wa siku, tafuta huyo mutu kwanza, hoteli itafata.

Wengi sasa wanaingia kwa kupitia Rwanda. Unashuka Kigali, unapanda bisi: kama unaelekea Bukavu, bisi inapita musitu wa Nyungwe mpaka Kamembe, halafu unavuka mto Ruzizi, kama ni Goma, unafika Gisenyi na unavuka mupaka kwa miguu, Petite Barrière ama Grande Barrière. Mimi nashauri uanzie Bukavu umalizie Goma, juu Bukavu inakuzoeza polepole na Goma ni muji wa haraka. Saa za kufunga mupaka zinabadilika, uliza asubui usingoje jioni. Beba viza yako kama unaihitaji, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na fotokopi za paspoti kadhaa, juu utaombwa makaratasi ku mupaka, ku bandari, na tena ukifika ku kisiwa. Mwenye kukuomba karatasi musalimie kwanza kama mutu, mambo inaenda vizuri zaidi.

Pesa: huku dola za Amerika na franka ya Kongo zinatembea pamoja. Dola ikuwe safi, haina pasuko hata kidogo ku kona, haina wino, hata mama wa nyanya ataikataa kama imepasuka. Noti ya dola moja moja wengi hawaitaki. Franka njo ya pikipiki, ya soko, ya mutumbwi, kwa hiyo vunja kiasi kidogo kwa kambisti wa barabarani mwenye utaonyeshwa na mwenyeji wako, hesabu mbele yake bila haya, yeye mwenyewe anangojea uhesabu. M-Pesa na Airtel Money zinasaidia sana lakini usitegemee mashini ya banki, kuja na pesa mukononi yenye kutosha safari yote na kurudi.

Ziwa lenyewe

Kivu iko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, ndiyo sababu hapa si joto ya Kalemie wala ya Mombasa. Beba switari. Usiku Bukavu kunakuwa baridi, na mvua inaanza mwezi wa tisa mpaka wa tano, inanyesha kwa nguvu, matope ya Kadutu haina huruma na viatu vyeupe. Kiangazi ni mwezi wa sita mpaka wa nane, hapo njia zinakauka lakini upepo wa kusini unakuwa mukali na ziwa inapiga mawimbi makubwa.

Urefu wake toka kusini mpaka kaskazini ni karibu kilomita 90, na kwa kina inafika karibu mita 480. Wazee wa jiolojia wanaeleza kwamba zamani sana maji ya huku ilikuwa inateremuka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia, maji ikajaa, ikatafuta pa kutokea, ikapata kusini. Pale inapotokea ni Bukavu, na njo mwanzo wa mto Ruzizi. Ukisimama ku daraja ya Ruzizi fikiri kwamba maji hiyo inaenda Tanganyika, inatoka Kalemie kwa mto Lukuga, inaingia Lualaba, inazunguka inchi yote mpaka Atlantiki. Kwangu hiyo ni sababu ya kutosha ya kusimama pale dakika kumi. Lakini usipige picha daraja wala mupaka, hiyo italeta matatizo, macho inatosha.

Chini kabisa ya ziwa kuna gazi, methane na ile gazi ya kaboni, mingi sana, imefungwa na uzito wa maji. Wageni wanaogopa kuoga juu ya hiyo. Iko mbali chini, mwenye anaogelea ku kando haimufikie, watoto wa Bukavu wanaoga kila siku na mamba hakuna. Upande wa Rwanda, Kibuye, wanavuta hiyo methane tangu 2016 na kutoa umeme, megawati 26. Kitu cha kuogopa kweli ni mazuku, na hiyo iko upande wa Goma, nitaieleza pale.

Bukavu, kuamuka mapema

Bukavu imejengwa ku vidole vya inchi vinavyoingia ndani ya maji, ghuba moja hapa, rasi moja pale, kwa hiyo ukipotea shuka tu, utakuta ziwa. Komini ni tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira. Wakati wa Wabelgiji iliitwa Costermansville na nyumba za wakati ule ziko bado, zenye kona za mviringo na balkoni ndefu, sana sana kuelekea La Botte na Avenue Lumumba. Tembea kwa miguu toka Place de l'Indépendance mpaka Nyawera, pita ku katedrali ya Notre-Dame de la Paix, ingia tu kimya, halafu endelea. Kadutu pia upande, soko yake njo soko ya kweli ya muji, lakini ukuje na mwenyeji, weka telefone ndani ya mufuko wa mbele, na usivae saa ya kung'aa.

Utaona pia vile milima imejaa nyumba mpaka juu kabisa, moja ku kichwa cha ingine. Mvua kubwa ikinyesha udongo unateremuka na watu wanapoteza nyumba, wengine wanapoteza maisha. Usiifanye ile milima picha ya kupendeza bila kujua hiyo. Na chupa ya plastiki ukimaliza kunywa rudisha nayo hoteli, juu takataka ya muji inashuka na mvua mpaka ziwani, ziwa inaisukuma mpaka Ruzizi, na pale inaziba mashini za barage yenye inatupa umeme. Hii siisemi kwa adabu tu, muji mzima unabaki giza.

Sasa kitu cha lazima ya Bukavu: amuka saa kumi na moja asubui ushuke ku maji. Beach Muhanzi ni pazuri kuanzia, mitumbwi inaingia toka vijiji vya kando na toka visiwa, na mananasi, makaa, ndizi, maharagwe, mbuzi zinashuka pamoja na wanafunzi wenye yunifomu. Nunua chai na mukate kwa mama mwenye ametandika benchi yake pale, kaa, usitoe kamera. Kisha dakika makumi tatu watu watakuwa wamekuzoea na mazungumuzo itaanza yenyewe, kwanza watakuuliza unatoka wapi, kisha una watoto wangapi, kisha wewe ni wa kanisa gani. Jibu vizuri, na uliza pia.

Sambaza, na watu wake

Hapa nitarefusha. Sambaza ni samaki ndogo, urefu wa kidole, na haikuwa ya Kivu. Ilitolewa Tanganyika karibu mwaka 1959 na kumwagwa huku, juu ziwa letu ilikuwa na samaki kidogo sana sehemu ya katikati, na samaki ile ikapenda maji, ikazaa, leo njo inalisha pwani nzima toka Bukavu mpaka Goma na ng'ambo ya Rwanda. Mwenye hana pesa ya nyama anakula sambaza, mwenye iko na pesa pia anaikula na biera.

Inavuliwa usiku. Jioni kuelekea saa kumi na mbili nenda mahali pa juu, ama ku kando ya maji, utaona mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, na miti mirefu ya kaliptusi imetoka mbele na nyuma kama pembe za panzi, hiyo miti njo inashika nyavu. Wavuvi wanapiga kasia wakiimba, mumoja anaanzisha wengine wanajibu, na wimbo unasaidia mikono iende pamoja. Wakifika katikati wanashusha nyavu na kuwasha taa. Zamani ilikuwa taa za petroli zenye kupiga kelele, sasa wengi wana taa za batri. Samaki inapanda kufata mwangaza, nyavu inavutwa, inashushwa tena, ivyo mpaka kuche. Ukiona ziwa usiku imejaa taa ujue hakuna mwezi. Mwezi ukijaa mwangaza unatawanyika kila mahali, samaki haikusanyike ku taa, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Kwa hiyo kama unataka kuona taa na kula sambaza ya bei nzuri, angalia kalenda ya mwezi mbele ya kununua tiketi. Hakuna mutu anaambia wageni hii na inabadilisha safari yote.

Asubui mitumbwi ikirudi wamama wako tayari wamesimama na mabeseni. Wao njo wenye biashara, si wavuvi. Mama ananunua beseni nzima, mara nyingi kwa deni, anapeleka Nyawera ama Kadutu, anauzisha kwa kopo na kwa sahani, jioni analipa deni na kinachobaki kinakuwa karo ya watoto. Usibishane naye bei mpaka mwisho, kubishana kidogo ni salamu, kubishana sana ni kumunyanganya. Ukinunua mbichi angalia jicho ikuwe inang'aa na tumbo haijapasuka. Na usinunue ile ndogo kabisa kama sindano, yenye imevuliwa na chandarua: imekatazwa, na inaua samaki ya mwaka unaofata. Ng'ambo ya Rwanda wanafunga uvuvi kipindi fulani kila mwaka ili samaki izae, huku kwetu tunabishana bado juu ya hiyo, mimi niko upande wa wenye wanataka tufunge.

Kula: sambaza ya kukaanga kavu, na ndimu, na pilipili, na bugali ya mihogo, na mboga ya sombe ama lengalenga kando. Unakula kichwa na mukia na mifupa yote, usianze kuichambua. Kama umealikwa nyumbani wataleta maji ya kunawa mbele ya chakula, mwenyeji ama mutoto anakumwagia, nawa mikono miwili. Bugali unakata na mukono wa kuume. Kukataa chakula ya kwanza ni vibaya, kula hata kidogo, sema aksanti mama.

Kupanda bato

Bukavu mpaka Goma kuna njia ya gari, inapita Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova, Sake, karibu kilomita 200, na ni barabara ya kuchosha hata wakati wa amani. Ziwa njo njia. Kuna namna mbili: kano za haraka, zinafika kwa masaa matatu hivi, na mabato makubwa yenye kubeba watu na mizigo, mengi yanasafiri usiku kucha. Kano ni bei zaidi. Watu wengi wa kawaida wanachagua bato ya usiku juu unalala ndani na hautumie siku ya kazi. Lakini wewe ni mugeni, umekuja kuona, chukua ya muchana. Usiku utalipa na hautaona kisiwa hata kimoja.

Tiketi nunua siku moja mbele, ku bandari wenyewe, si kwa kijana wa barabarani. Jina lako liandikwe vizuri ku liste, uhakikishe kwa macho yako. Uliza saa mara mbili, juu kuna mwenye atakuambia saa moja akiwa anataka kusema saa moja ya asubui na mwingine atasema saa saba akiwa anatafsiri Kifaransa, na ukikosea hapo bato imeenda. Fika mapema saa moja nzima.

Na hii isikilize sana. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 bato yenye ilitoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, karibu kabisa ya kufika, watu wakiwa wanawangojea jamaa zao wanaangalia. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Ndugu zetu wengi walikufa pale na familia zingine hazikupata hata mwili wa kuzika. Kwa hiyo: hakuna jile, ile koti ya kuelea ku maji, haupande. Jile moja kwa watu wawili, haupande. Ukiona bato imeinama upande mumoja, ama magunia yamefika ku dirisha, ama watu wamesimama ku paa, shuka hata kama umekwisha kulipa. Vaa jile toka mwanzo mpaka mwisho, usiikalie. Watu watakucheka labda, waache wacheke. Na mutumbwi mudogo usivuke nao katikati ya ziwa muchana mukubwa, upepo unaamuka kisha saa sita. Wenyeji wanavuka asubui mapema na wewe ufanye vile.

Idjwi

Kama una siku moja tu ya kuongeza, ipe Idjwi. Ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa, kinakaliwa na Bahavu na Bambuti, kuna chefferie mbili, maana maeneo ya wachef wa asili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Bato toka Bukavu na toka Goma zinasimama pale. Hakuna vile utaenda haraka: pikipiki moja, njia ya udongo mwekundu, mashamba ya ndizi, maharagwe, mananasi yenye utamu wenye hautaupata kwingine, na kawa.

Kawa, ile wengine wanaita kahawa, ya Idjwi iko na historia ya uchungu. Miaka mingi hapakuwa na mununuzi wa kweli kisiwani, kwa hiyo wanaume walikuwa wanapakia magunia usiku ndani ya mitumbwi na kuvuka kwa siri mpaka Rwanda, wakibadilisha kawa na sabuni, na chumvi, na nguo. Dhoruba ikiwakuta katikati hawakurudi. Wajane wa kawa wako Idjwi, wako na Minova pia. Kisha wakulima wakaanza kujiunga ku kooperative, wakajenga vituo vya kuosha kawa pale pale, na leo inauzwa Ulaya na Amerika kwa jina lake. Kule ng'ambo, Minova na Kalehe, kooperative ya Sopacdi ilianza 2003 kwa mawazo hayo hayo. Ukifika musimu wa kuchuma omba kuonyeshwa kituo: utaona wamama wamesimama ku meza ndefu za waya wanachagua punje moja moja zenye kasoro, kazi ya macho na ya uvumilivu, na utaelewa sababu gani ile kikombe iko na bei. Nunua pale, kilo moja ama mbili, yenye imekwisha kukaangwa.

Ukishuka kisiwani, kitu cha kwanza ni kujionyesha kwa wakubwa: ofisi ya uhamiaji, kisha chef wa kijiji mahali utalala. Haiko sheria tu, ni adabu. Mugeni mwenye anapita bila kusalimia mwenye inchi, watu wanajiuliza anatafuta nini. Lala kwa mapadri ama kwa nyumba ya wageni yenye utaonyeshwa, usitegemee umeme usiku, beba toshi. Kama kuna kasiksi ya ndizi kwa jioni watakuletea ndani ya kibuyu ama kopo moja ya kushirikiana. Wenye hawakunywe pombe waseme tu wazi, hapa walokole ni wengi, hakuna mwenye atakasirika. Bambuti wa kisiwa usiende kwao kama unaenda kuona wanyama. Ukiwa na kazi nao, ama mutu wao amekualika, nenda. Kama hauna, waache.

Visiwa vidogo viko pia karibu na Bukavu, ni matembezi ya asubui moja tu, vizuri kwa mwenye hana siku.

Kandokando ya Kalehe

Bato ikipanda kaskazini utaona upande wa kushoto milima mikubwa ya Kalehe, kijani mpaka mawinguni, na vijiji vimekaa chini ku mudomo wa mito. Bushushu na Nyamukubi ziko pale. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, siku ya soko ya Nyamukubi, mvua ilileta maji na mawe toka juu na watu zaidi ya mia ine walikufa. Uliza mutu wa pembeni yako ndani ya bato akuonyeshe mahali, atakuonyesha, na mara nyingi atakuwa na jina la mutu wake pale.

Goma

Goma unaifikia macho mbele ya mwili: kwanza mulima Nyiragongo wenye kofia ya moshi, usiku yenye wekundu chini ya mawingu kama siku hiyo moto iko juu. Kisha muji mweusi. Mweusi kweli, mawe ya kuta, ya barabara, ya kando ya ziwa, yote ni lava. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ilikata muji katikati ikaingia ziwani, tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ikarudi tena mpaka mulango ya muji. Watu walijenga juu yake. Ukiona ukuta wa mawe meusi yaliyochongwa vizuri, ujue mawe hiyo ilikuwa moto na mutu wa hapa ameyajua umri wake.

Mazuku sasa. Ni hewa nzito ya kaboni yenye inatoka ardhini na kukaa mahali pa shimo, haina rangi, mara nyingi haina harufu, na inaua. Upande wa magharibi wa Goma kando ya ziwa, kuelekea Lac Vert, iko mingi. Inakusanyika sana usiku na asubui mapema wakati hakuna upepo. Usishuke ndani ya mashimo ya mawe, usilale chini ku majani mahali haujui, usimuache mutoto achezee ku bonde, na ukiona ndege ama mbuzi amekufa pa chini rudi nyuma pale pale. Muulize mwenye kukaa hapo, wanajua kila shimo.

Ku Kituku na ku bandari utaona soko ile ile ya sambaza lakini na haraka mara mbili. Na chukudu! Ile pikipiki ya mbao, haina mashini, kijana anaipanda kwa goti na kusukuma na muguu, anabeba magunia ya viazi na makaa toka milimani. Muji umeisimamishia sanamu ku rond-point. Usiombe kuipanda kwa kucheza wakati mwenyewe iko kazini na muzigo, ngoja apumuzike, muite kaka, munuliye soda, kisha zungumuzeni. Jibini ya Masisi, ile ya mviringo, nunua Goma, kata mbele yako uonje. Jioni michopo ya mbuzi na ndizi ya kuchoma. Kupanda volkano yenyewe kumefungwa na kufunguliwa mara mingi, kwa hiyo hiyo uliza wenye pori ya Virunga wenyewe, usimulipe kijana wa barabarani mwenye anasema anajua njia.

Salamu na vitu vidogo

Kiswahili chako cha Dar ama cha Mombasa kitaeleweka, usiogope, na chetu utakizoea kwa siku mbili. Mama kwa kila mwanamuke mukubwa, papa ama muzee kwa mwanaume mukubwa, yaya kwa mwenye anakupita kidogo. Motari, mwenye kubeba watu ku pikipiki, pia ana jina la heshima, muite kaka na mukubaliane bei mbele ya kupanda. Salimia mbele ya kuuliza kitu, hata kama una haraka, habari ya asubui, ya nyumbani, ya watoto. Mutu akuonyeshe njia kwa kukusindikiza, mutafutie pesa ya maji, lakini usimutupie kama sadaka.

Askari, bandari, mupaka, daraja, kiwanja: hakuna picha. Watu: omba, na kama amekataa weka kamera chini. Wavuvi mara nyingi wanakubali kisha kazi, si wakati wa kazi. Habari za vita usizianzishe wewe. Kila nyumba huku iko na kidonda chake, mwenye anataka kukueleza atakueleza mwenyewe, kisha chakula, na hapo sikiliza bila kurekodi. Siku ya Mungu asubui hauna pa kwenda isipokuwa kanisa, nenda, hata kama si lako, korali za Bukavu zinaimba vizuri sana na watakupa nafasi mbele kama mugeni.

Ukirudi, vitu vya kubeba ni vitatu: kawa, jibini, na sambaza kavu. Sambaza nunua siku ya mwisho, yenye imekaushwa ku jua kabisa, ivunjike ukiikunja; funga ndani ya karatasi kwanza, kisha plastiki mbili, weka chini ya begi mbali na nguo. Ku mupaka sema mapema kwamba uko nayo, na ufike mbele ya saa tisa, juu foleni ya wamama wenye mabeseni inakuwa ndefu jioni.